Mahindi Pita, Mkulima Ngoja

Mtu akiniuliza kwa nini watu huhama, mimi huanza na mahindi. Sio ya Kitale. Ni ya Meksiko, nchi ambako zao hilo lilianza kulimwa maelfu ya miaka kabla halijavuka bahari na kuwa ugali wetu.

Tarehe 1 Januari 1994, mkataba wa biashara huria wa Marekani, Kanada na Meksiko, yaani NAFTA, ulianza kazi. Rais wa Meksiko, Carlos Salinas de Gortari, alikuwa ameunadi kwa hoja tamu: nchi yake inataka kuuza nje bidhaa, sio watu. Viwanda vikija, vijana watapata kazi nyumbani, na nani atahangaika tena kuvuka mpaka? Wakubwa wa Washington wakaitikia.

Siku hiyo hiyo, wakulima wa asili ya Maya katika jimbo la Chiapas, waliojiita Zapatista, walishika silaha na kuteka miji kadhaa, ukiwemo San Cristóbal de las Casas. Usidhani ni watu wa kupinga maendeleo tu. Mwaka 1992 serikali ilikuwa imebadilisha kifungu cha 27 cha katiba ili mashamba ya pamoja ya vijiji, yaliyotokana na mapinduzi ya wazee wao, yaweze kuuzwa. Na sasa mahindi ya Marekani, yanayolimwa kwa matrekta na ruzuku ya serikali, yalikuwa njiani kuja kushindana na mtu mwenye jembe na ekari chache.

Yakaja kweli. Ushuru ulipaswa kuondolewa polepole hadi 2008, lakini serikali ya Meksiko ikaachilia mahindi mengi yaingie mapema. Bei aliyolipwa mkulima ikaanguka. Desemba 1994 sarafu yao, peso, nayo ikaporomoka. Mkulima akapiga hesabu ambayo mtu wa Trans Nzoia anaijua bila kufundishwa: mbolea pesa ngapi, gunia pesa ngapi, karo itatoka wapi? Akafunga virago.

Viwanda navyo vilikuja, Tijuana na Ciudad Juárez, na vikaajiri wengi. Lakini havikutosha wote waliotoka mashambani, na mishahara ilibaki midogo. Huko Marekani nako kuna wafanyakazi walioona viwanda vyao vikifungwa na kuhamishiwa kusini. Basi wafanyakazi wa pande zote mbili wakabaki kunyoosheana vidole.

Na mpaka je? Oktoba 1994, miezi tisa tu baada ya mkataba kuanza, Marekani ilianzisha Operation Gatekeeper karibu na San Diego: ua, taa kali, askari. Jina lenyewe maana yake ni bawabu. Lori la mahindi lilipungiwa mkono lipite, ila mkulima aliyefilisiwa na mahindi hayo akasukumwa azungukie milimani na jangwani. Maelfu wamefia huko.

Watu walivuka hivyo hivyo. Mwaka 1990, waliozaliwa Meksiko na kuishi Marekani walikuwa kama milioni 4.3. Kufikia 2000 walikuwa wamepita milioni 9. Sio NAFTA peke yake iliyowatoa. Kulikuwa na peso, kulikuwa na ndugu waliotangulia, kulikuwa na kazi zilizowangoja. Lakini ile ahadi ya kwamba watabaki nyumbani, ilienda na maji.

Halafu kuna kifungu ambacho mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili, siwezi kukisoma bila kucheka kidogo. Mkataba uliweka viza maalum kwa wahasibu, wahandisi na wenzao wenye digrii. Mwenye jembe hakuwekewa kitu.

Hapa kwetu, itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ya 2010 angalau iliandika wafanyakazi pamoja na bidhaa, hata kama utekelezaji unachechemea. Ule mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza Julai 2024 ni wa bidhaa: maua na parachichi zetu zinaingia bila ushuru, nasi tunafungua soko letu kidogo kidogo kwa miaka 25. Mchumaji wa hayo maua bado atapanga foleni ya viza. Sichukii biashara. Ila mkataba mwingine ukiletwa mezani, tuulize mapema: bei ikimwangusha mkulima, ataenda wapi, na huko aendako nani amemfungulia mlango?