Uraia wa kuzaliwa (Kenya)

Uraia wa kuzaliwa nchini Kenya hufuata damu ya wazazi, si ardhi. Kwa Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010, mtoto ni raia iwapo siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa Mkenya, hata kama amezaliwa ng'ambo. Katiba ya awali ilimnyima mama haki hiyo kwa mtoto aliyezaliwa nje; aliyehesabiwa ni baba tu, dhuluma iliyodumu miongo mingi. Ardhi huamua pale tu anapookotwa mtoto anayeonekana hajafikisha miaka 8, asiyejulikana uraia wake wala wazazi wake: huyo huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa.

Kanuni hii ya kufuata damu iliwaumiza Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Watoto na wajukuu walizaliwa Kenya, lakini bila kitambulisho hawakuweza kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura. Mwaka 2016 waliandamana hadi Nairobi, na serikali ikakubali kuwasajili kuwa raia.