Mvinyo Mchanga wa Porto: Kukomaa Kwanza, Kuiva Baadaye

Waonjaji wa mvinyo wana kipimo kimoja ambacho Kiswahili bado hakijakipa jina lililotulia. Ni ule uwezo wa mvinyo kuendelea kubadilika na kuwa bora zaidi ndani ya chupa, miaka mingi baada ya kuzibwa. Waingereza wanautaja kwa maneno ambayo ukiyatafsiri juu juu yanatoka “uwezo wa kuzeeka”. Wareno husema mvinyo fulani ni wa guarda, yaani wa kuwekwa. Kwangu mimi maneno yote mawili hayafiki pale tunapotaka kufika, na hakuna mvinyo unaolionyesha jambo hili waziwazi kama Porto ile ambayo lebo yake huandikwa Vintage.

Kwa Kiswahili kuzeeka ni kupungukiwa. Mtu akizeeka nguvu zinamtoka, mti ukizeeka hauzai. Kila kinywaji kina uwezo huo, na hakuna anayelipa fedha nyingi ili aupate. Neno la kuwekwa nalo linasema nusu ya habari. Kitu cha kuwekwa ni kisichoharibika haraka, na Porto yoyote, hata ya bei ya chini, ina sukari na pombe ya kuilinda. Unaweza kuisahau kabatini miaka kumi, uifungue uikute haijaharibika, lakini pia haijawa bora. Mwonjaji anayeinama juu ya glasi ya Porto changa anatafuta habari nyingine kabisa: je, huu mvinyo una cha kufanya huko gizani?

Kiswahili kina maneno ya jambo hilo tangu zamani, nayo yako kwenye shamba la migomba. Mkulima hakati mkungu kwa kuwa ndizi zimeiva; anaukata kwa kuwa zimekomaa. Anatazama kona za kila ndizi. Zikiwa bado zimechongoka, anauacha. Zikijaa na kuviringika, anaukata hata kama ganda ni kijani tupu, kisha anauvundika mpaka uive. Mkungu uliokatwa kabla ya kukomaa hauna dawa. Uvundike utakavyo, ndizi zitasinyaa na kuwa nyeusi bila kuonja utamu. Hatua ni mbili, kila moja ina kitenzi chake, na ya kwanza ndiyo inayoamua ya pili.

Kwa hiyo napendekeza tuseme hivi. Kile mwonjaji anachokitafuta katika mvinyo mchanga ni ukomavu. Kile kinachotokea baadaye ni kuivia chupani. Kipimo chenyewe ni uwezo wa kuivia. Najua watu wengi husema “mvinyo uliokomaa” kwa maana ya mvinyo wa miaka mingi, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Ila katika uonjaji wa Porto, ukiyachanganya hayo mawili utanunua chupa isiyofaa kuwekwa, au utaifungua iliyofaa miaka ishirini kabla ya wakati wake.

Porto hutoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Mipaka ya eneo hilo iliwekwa na serikali mwaka 1756, enzi za Marquês de Pombal, na ni miongoni mwa maeneo ya kwanza ya mvinyo duniani kuwekewa mipaka kisheria. Mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyochongwa katika miteremko mikali ya shisti, mwamba unaopasuka kwa tabaka na kuiruhusu mizizi ishuke mbali kutafuta maji. Wakati wa mavuno zabibu nyeusi, kama Touriga Nacional, Touriga Franca na Tinta Roriz, humwagwa ndani ya lagar, birika pana na la kina kifupi lililojengwa kwa mawe ya itale. Mashamba makubwa kadhaa bado yanazikanyaga kwa miguu, watu wakisimama bega kwa bega kwa saa nyingi, kwa sababu mguu unalipasua ganda bila kuivunja mbegu, na mbegu ikivunjika hutoa uchungu.

Haraka ni lazima, maana Porto haiachwi ichachuke mpaka mwisho. Baada ya siku mbili au tatu, hamira ikiwa imekula karibu nusu ya sukari, mvinyo unachanganywa na spiriti ya zabibu yenye pombe ya asilimia 77. Hamira inakufa na utamu unabaki. Hesabu inayofahamika Douro ni lita 435 za maji ya zabibu na lita 115 za spiriti, jumla lita 550, ambazo ni pipa moja. Wareno nao huliita pipa, na kutoka kwao ndipo tulipolichukua neno hilo, kama tulivyolichukua neno mvinyo lenyewe. Mvinyo unaopatikana una pombe ya asilimia 20 hivi na sukari inayokaribia gramu 100 kwa lita. Rangi yote na ukakasi wote ambao mvinyo huu utaishi nao kwa nusu karne vimekamuliwa kutoka kwenye maganda katika siku zile chache.

Porto nyingi huchanganywa kutoka miaka mbalimbali na kuivia ndani ya mapipa. Porto ya Vintage, ambayo naona tungeiita Porto ya mwaka mteule, hutoka kwenye mavuno ya mwaka mmoja tu, na hufungwa chupani ikiwa na umri wa miaka miwili au mitatu bila kuchujwa. Mwenye nyumba ya mvinyo huamua kuutangaza mwaka huo au kuuacha, na taasisi ya serikali, IVDP, huuonja mvinyo wenyewe na kuuidhinisha. Kwa kawaida miaka inayotangazwa na nyumba nyingi kwa pamoja haizidi mitatu katika muongo. Ndiyo maana watu walishangaa nyumba nyingi zilipoutangaza 2016 na mara zikautangaza na 2017. Uingereza kulikuwa na desturi ya kumnunulia mtoto mchanga Porto ya mwaka aliozaliwa, ikawekwa mpaka awe mtu mzima. Anayeinunua ni mmoja na atakayeinywa ni mwingine, na katikati yao yuko mwonjaji aliyetakiwa kusema ukweli mapema.

Anafanyaje? Kwanza anailaza glasi juu ya karatasi nyeupe. Porto changa ya mwaka mteule ni nyeusi katikati, na pembezoni kuna ukingo mwembamba wa zambarau unaong'aa. Akiizungusha, inauachia ukuta wa glasi rangi kama wino. Ukingo ukiwa tayari umefifia na kuelekea wekundu wa tofali, dalili si njema. Kisha ananusa. Mara nyingi mvinyo mzuri hauna mengi ya kusema katika umri huu: matunda meusi yaliyosongamana, pengine harufu ya maua ya urujuani inayoletwa na Touriga Nacional, au harufu ya majani makavu ya vichakani ambayo watu wa Douro huihusisha na mmea uitwao esteva. Wingi wa harufu usimdanganye mtu. Harufu zilizofunguka zote mapema zinapendeza kwa sasa, wala hazisemi lolote kuhusu kesho.

Shughuli yenyewe iko mdomoni, na hapa ndipo neno letu moja, “kali”, linapotuharibia kazi. Tunasema pilipili kali, maziwa makali, pombe kali, dawa kali. Mwonjaji hawezi kuandika “mvinyo mkali” akaeleweka. Anahitaji kutenganisha mambo manne, na kwa bahati njema maneno yapo. Ukali wa pombe huchoma, unausikia kooni na puani. Uchungu hukaa nyuma ya ulimi na hauondoki kwa mate. Ugwadu ni ule wa ndimu, unaofanya mate yajae. Ukakasi ni ule unaokamata fizi na kuukausha ulimi hadi ukwaruze, kama unapotafuna bibo lisiloiva.

Kati ya hayo manne, ukakasi ndio unaobeba mustakabali. Unatoka kwenye tanini, kemikali zilizomo katika maganda ya zabibu, ambazo hushikamana na protini za mate na kuyaondolea utelezi. Ndani ya chupa tanini hizo haziko peke yake. Zinaungana taratibu na anthosianini, yaani chembe za rangi, na spiriti ya Porto huleta aldehidi zinazosaidia kuziunganisha. Minyororo hiyo inarefuka mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa mizito mno kuelea, inatua chini na kuwa mashapo. Mvinyo unapungua ukakasi, zambarau inageuka wekundu, na harufu mpya zinazaliwa ambazo katika mvinyo mchanga hazikuwapo. Ndiyo sababu Porto ya mwaka mteule iliyoiva husimamishwa siku nzima kabla ya kunywewa, kisha humiminwa polepole ili mashapo yabaki chupani. Mashapo yale ni ukakasi wa zamani uliokwisha kufanya kazi yake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama ukakasi upo, na upo kwa wingi. Swali la pili, ambalo waonjaji wengi wachanga hulisahau, ni wa namna gani. Ukakasi wa zabibu zilizokomaa vizuri mzabibuni hushika mdomo mzima kwa usawa, umefumwa kama kitambaa kizito. Ule wa zabibu zilizovunwa mapema au zilizokamuliwa kwa nguvu unashika mahali pamoja tu, kwenye fizi za mbele au pembeni mwa ulimi, na unaacha uchungu nyuma. Huo hauivi. Baada ya miaka ishirini tunda litakuwa limeondoka na uchungu utakuwa umebaki kama ulivyokuwa.

Zamani kulikuwa na imani kwamba Porto isiyonyweka ikiwa changa ndiyo itakayodumu. Imani hiyo imewapotosha wengi. Sehemu kubwa ya ukatili wa Porto changa za zamani ilitokana na spiriti duni iliyotolewa kwa utaratibu wa serikali, siyo na zabibu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba zimekuwa huru kujichagulia spiriti, na iliyo safi imepunguza ule mchomo. Ukionja Porto ya 2011 ikiwa bado changa, unaweza kuipenda papo hapo, na bado ukakasi wake ni mkubwa. Umefunikwa na tunda tu. Kunyweka na kukomaa si maadui.

Upole usio na kitu ndani yake ni jambo jingine. Nyumba nyingi ziliutangaza mwaka 1975, na mvinyo wake ulikuwa mwepesi na rahisi tangu mwanzo; ukafifia mapema. Ukiulinganisha na wa 1945, mwaka wa joto na mavuno machache yenye uzito, unaona tofauti ilivyokuwa ndani ya zabibu kabla ya mtu yeyote kufunga chupa. Mwaka wenye sifa si lazima uwe uliotangazwa na wengi. Mwaka 1931 nyumba nyingi hazikutangaza, dunia ikiwa katika mdororo wa uchumi na maghala yakiwa bado yana mvinyo wa 1927. Quinta do Noval ilitangaza, na mvinyo wake ni miongoni mwa Porto zinazosifiwa zaidi hadi leo. Soko liliamua kwa fedha, mvinyo ukaendelea kuiva.

Ukakasi peke yake hautoshi. Lazima kuwe na tunda la kutosha kuufunika mpaka uishe, na ugwadu wa kuushikilia utamu usilegee. Porto isiyo na ugwadu wa kutosha inaonekana nene na ya kuvutia ikiwa na miaka mitatu, lakini sukari yake itakuja kubaki wazi. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kile cha baada ya kutema. Mwonjaji anatema, kwa sababu anaonja nyingi, halafu anasubiri na kufuatilia nini kinakwisha kwanza. Tunda likitangulia kuondoka na kuacha ukakasi mkavu, mvinyo hauna cha kuivisha. Ukakasi ukilegea huku tunda likiendelea kwa muda mrefu, huo umekomaa.

Kuna na jaribio la subira. Chupa inaachwa wazi, inaonjwa tena kesho yake na kesho kutwa. Hewa haifanyi kazi ileile ya miaka chupani, na anayedai kwamba siku moja ni sawa na miaka kumi anakisia. Lakini inaonyesha akiba. Mvinyo uliochangamka siku ya kwanza ukapooza siku ya pili umekwisha kujieleza. Ule uliokuwa bubu siku ya kwanza na kujaa siku ya tatu una safari ndefu.

Jambo hilo la kuwa bubu lina jina pia miongoni mwa waonjaji: mvinyo umejifunga. Porto ya mwaka mteule hung'aa miaka michache baada ya kutiwa chupani, kisha hujifunga, tunda likijificha na ukakasi ukibaki mbele, na inaweza kukaa hivyo miaka kumi au zaidi. Anayeifungua wakati huo atadhani imeharibika, au kwamba waliouonja mvinyo huo mwanzoni walikosea. Katika maelezo ya kuonja ni muhimu kuandika umri wa mvinyo siku ulipoonjwa, pamoja na hukumu mbili zilizotenganishwa: ukomavu wake, na miaka unayoikadiria ya kuivia chupani, kwa mfano “kuanzia miaka 20, bora kati ya 30 na 50”. Msomaji akiona ukomavu umesifiwa na miaka imeahirishwa, ataelewa kwamba ameambiwa anunue na asifungue.