Kutoka Mityana hadi Jumuiya: Imani Iliyotunzwa na Majirani

Novemba 1882 mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifunga mizigo yao wakaondoka Buganda. Walikuwa wamekaa pale miaka mitatu na miezi kadhaa tu, tangu Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walipofika Entebbe Februari 1879. Hali katika ikulu ya mfalme, Kabaka Mutesa I, ilikuwa imechafuka, nao wakaona heri wavuke ziwa kwenda Bukumbi, upande wa kusini, karibu na Mwanza. Nyuma yao walibaki wabatizwa wachache na watu waliokuwa bado wakijifunza dini. Hapakuwa na wa kuwasomea Misa wala wa kuwaungamisha.

Mapadre waliporudi Julai 1885, Mutesa alikuwa ameshafariki na mwanawe Mwanga ameketi kitini. Walitarajia kuanza upya. Badala yake walikuta Wakristo wameongezeka, wanajua sala zao, na wamepangana vizuri. Historia ya Kanisa Katoliki katika Afrika Mashariki haieleweki bila miaka hiyo karibu mitatu ambayo mapadre hawakuwapo, kwa sababu ndiyo iliyoonyesha mapema nani hasa wangeibeba imani hii.

Walioibeba walikuwa watu wenye shughuli zao. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mhudumu wa ndani wa Kabaka. Andrea Kaggwa aliongoza wapiga ngoma wa ikulu. Magharibi ya mji mkuu, huko Mityana katika Ssingo, alikuwapo Matia Mulumba, msaidizi wa chifu na mwamuzi wa mashauri ya watu. Matia alibatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882, miezi michache tu kabla mapadre hawajaondoka.

Majirani wa Matia waliuona Ukristo wake kabla ya kuusikia. Mtu mwenye wake wengi alibaki na mke mmoja. Mtu wa cheo, ambaye kwa desturi hakupaswa kuinua mzigo, alishika kazi za mikono mbele ya watu wote. Nyumbani kwake wakaanza kukusanyika waliotaka kusali na kujifunza. Baadhi walitembea mwendo mrefu hadi mji mkuu kusikiliza mafundisho, kisha wakarudi kuwasimulia waliobaki. Miongoni mwa viongozi wa kundi hilo alikuwa Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu vya chifu. Dada yake Noa, Munaku, naye alikuwa akisoma dini.

Mateso ya Mwanga yalipowashukia Wakristo mwaka 1886, Matia alikufa kifo cha siku kadhaa kule Kampala, na Noa akachomwa mkuki Mityana tarehe 31 Mei. Munaku alijitokeza mwenyewe mbele ya wauaji akisema kwamba hata yeye ni Mkristo. Hawakumuua, walimchukua mateka. Aliokolewa baadaye, akautumia uhai wake kuitumikia misheni. Sisi huwakumbuka wafiadini wa Uganda kwa moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni, na ni haki kuwakumbuka hivyo. Lakini kabla ya moto kulikuwa na miaka ya kawaida: kufinyanga vyungu, kuamua kesi, kupokea wageni, kufundishana sala jioni. Ujasiri wa siku ya mwisho ulikuwa umezoezwa katika siku hizo.

Wamisionari walioendelea kuja baada ya hapo walijifunza jambo hilo kwa lazima. Parokia zilikuwa kubwa na mapadre wachache. Padre angefika kigangoni mara chache kwa mwaka, kwa miguu au kwa baiskeli. Katika mapengo hayo alikaa katekista, mara nyingi mkulima mwenye elimu kidogo na malipo ya kusikitisha. Ndiye aliyefundisha watoto, aliyeongoza ibada ya Jumapili, aliyewabatiza waliokuwa mahututi na kuwazika wafu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Tanganyika, na Wabenedikto Wajerumani wa kusini wakakamatwa na kuondolewa nchini, misheni kama Peramiho zilibaki bila wenyewe. Makatekista waliendelea kuwakusanya watu.

Hata hivyo mpango huu ulikuwa na udhaifu. Kadiri misheni zilivyokua, na shule na hospitali zake, ndivyo Mkristo wa kawaida alivyozidi kuwa mtu wa kupokea. Alikwenda kanisani Jumapili, akakaa kwenye benchi kati ya mamia, akarudi nyumbani. Nani aliyejua kwamba mkewe ni mgonjwa? Nani aliyejua kwamba amepatana na kaka yake, au kwamba wamegombana? Mtafiti Marie-France Perrin Jassy, aliyeyachunguza makanisa huru ya Waluo wa Mara Kaskazini, Tanzania, katika miaka ya 1960, aliona kwamba mvuto wa makanisa hayo ulitokana na udogo wake. Mle ndani mtu alifahamika kwa jina, alisalimiwa, aliombewa akiugua. Utafiti wake ulisomwa kwa makini na viongozi wa Kanisa Katoliki.

Wakati huo fikra zilikuwa zikibadilika pande nyingi. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wakaamua kwamba jumuiya hai za Wakristo, na si majengo ya misheni, ziwe msingi wa Kanisa lao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ulifundisha kwamba kila mbatizwa ameitwa kwenye utakatifu, na kwamba walei hutakatifuka katika ndoa, kazi na siasa zao. Wakati Mtaguso ukiendelea, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu wafiadini 22 wa Uganda: mfinyanzi, mpiga ngoma, mwamuzi, vijana wa ikulu. Alipokuja Uganda mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari wao wenyewe.

Desemba 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi kupanga Kanisa la miaka ya 1980. Waliona kwamba parokia haitoshi, na kwamba maisha ya Kikristo yanapaswa kupata makao katika vikundi vidogo vya wanaoishi jirani. Mwaka 1976 walirudi Nairobi wakalifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zao. Mwaka 1979 walikutana Zomba, Malawi, kutazama wamefika wapi. Tanzania wazo hilo liliota haraka. Tangu Azimio la Arusha la 1967 watu walikuwa wakihimizwa kuishi na kufanya kazi pamoja, na mpango wa chama tawala wa nyumba kumi kumi ulikuwa umewazoesha kukutana kama majirani. Vikundi hivyo, yaani Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, vilijengwa juu ya mazoea hayo.

Ukitaka kujua zinavyofanya kazi, nenda Dar es Salaam Jumamosi, saa 12 alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kazini. Mwenyeji wa siku hiyo amepanga viti na mikeka uani. Juu ya meza ndogo kuna kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na Biblia. “Tumsifu Yesu Kristo!” “Milele, amina!” Wengi wa waliohudhuria ni kina mama, baadhi wamebeba watoto mgongoni. Injili ya Jumapili inayokuja inasomwa, na kila anayetaka anasema limemgusa neno gani.

Namna hii ya kusali ilienea Afrika kutoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambako katika miaka ya 1970 mapadre Fritz Lobinger na Oswald Hirmer waliipanga katika hatua saba. Wanaanza kwa kumkaribisha Bwana na kusoma Neno. Yanarudiwa maneno yaliyogusa moyo, wanakaa kimya, kisha wanashirikishana. Hatua ya mwisho ni sala za kila mmoja. Lakini kabla ya hiyo kuna hatua ya sita, na hapo ndipo jumuiya inapopimwa. Inauliza: Neno hili linatutuma kufanya nini wiki hii, na nani atalifanya?

Majibu huwa madogo na ya wazi. Bibi wa nyumba ya tatu ametoka hospitali; mama fulani na fulani watakwenda kumfulia na kumchotea maji. Baba mmoja hajaonekana mwezi mzima, mwenyekiti atampitia. Kuna msiba, basi mhazini afungue daftari la rambirambi. Wachumba wanaotaka kufunga ndoa wanatambulishwa, na mtoto wa kubatizwa anatafutiwa msimamizi ambaye watu wanamjua mwenendo wake. Nchini Kenya, wakati wa Kwaresima, jumuiya nyingi hujadili vijitabu vya kampeni ya Tume ya Haki na Amani, vyenye mada kama ardhi na ufisadi. Huko hutumika njia ya kuona, kuamua na kutenda, ambayo Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundishia vijana wafanyakazi.

Historia hii ina jeraha, na haifai kulifunika. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994. Siku chache kabla yake mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ambayo raia wake wengi walikuwa Wakatoliki. Wakati mababa wa Sinodi wakizungumza juu ya Kanisa kama Familia ya Mungu, waliokuwa wakisali pamoja walikuwa wakiuana, hata ndani ya makanisa. Ujirani peke yake haukuwaokoa. Papa Yohane Paulo II alipotia saini waraka wa “Ecclesia in Africa” Yaoundé, Septemba 1995, alizikumbusha jumuiya hai kwamba upendo wao lazima uvuke mipaka ya ukoo na kabila. Nayo majimbo ya Rwanda, yakijiandaa kwa Jubilei ya 2000, yaliitisha sinodi maalumu ambamo Wakristo waliketi katika vikundi vidogo na kuuzungumzia waziwazi ukabila, jambo lililokuwa limekwepwa kwa miaka mingi.

Naamini somo la Rwanda linaizidishia uzito hatua ya sita. Jumuiya inaweza kusali vizuri na kuimba vizuri bila kumgusa mtu anayeogopwa au kuchukiwa mtaani. Inaweza pia kugeuka kituo cha kukusanyia michango, wanaume wakakimbia na vijana wakachoka. Zote mbili zinatokea, na viongozi wa parokia wanazijua. Dawa yake si mkutano mwingine. Ni kurudi kwenye swali lile la nani atafanya nini, na kuwatia ndani ya jibu wale ambao moyo haupendi kuwafikia: mgomvi, mtu wa kabila jingine, jirani asiye wa dini yetu, mwenye deni la aibu. Matia Mulumba alipoinua mzigo ambao cheo chake kilimkataza, hakungoja padre arudi kutoka Bukumbi ampe ruhusa. Jumuiya zetu zina mapadre, vitabu na nyaraka ambazo yeye hakuwa nazo. Kilichobaki ni kazi ile ile, na inagawanywa upya kila Jumamosi.