Notamu na Deni la Waya

Nilipoanza ukarani wa taarifa za anga Dar es Salaam, matangazo ya usalama kwa marubani, yaani notamu, yalitoka kwenye teleprinta kwa herufi kubwa tupu. Mashine haikuwa na herufi ndogo, na mstari haukuruhusiwa kuzidi alama 69. Basi maneno yalikatwa: njia ya kurukia ndege ikawa RWY, imefungwa ikawa CLSD, kazi zinaendelea ikawa WIP.

Mzazi wa notamu ni bahari. Tangu mwaka 1834 Waingereza walikuwa wakichapisha matangazo kwa mabaharia kuhusu miamba na taa. Ndege zilipoenea, Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944 ukayataka mataifa yapeane habari za anga, na mwaka 1953 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, likapitisha Kiambatisho cha 15 kinachosimamia kazi hiyo. Hivyo karani wa Entebbe na rubani wa Paris wakaelewana bila kuonana. Naiheshimu sana kazi ile.

Kusoma notamu kunahitaji mazoea. NOTAMN ni tangazo jipya, NOTAMR linachukua nafasi ya lililopita, NOTAMC linafuta. Kwenye kipengele cha A kuna mahali: HTDA ni Dar es Salaam, HKJK ni Nairobi. B na C ni mwanzo na mwisho, kwa tarakimu kumi. 2403150900 ni tarehe 15 Machi 2024, na hiyo 0900 si saa tatu asubuhi yetu. Ni saa ya dunia, yaani kwetu saa sita mchana. Ukiona EST baada ya C, mwisho wenyewe ni makadirio tu. Ujumbe hasa uko E, chini ya hayo yote.

Na hapo ndipo ninapolalamika. Teleprinta zimeondoka, kompyuta zinabeba maandishi ya namna yoyote, lakini rubani bado anasoma vifupisho vilivyobuniwa kuokoa waya, tena vikiwa rundo. Taa ya mnara iliyoungua mbali na uwanja inakaa sawa na njia iliyofungwa.

Usiku wa tarehe 7 Julai 2017, ndege ya Air Canada ilikaribia San Francisco. Njia ya kurukia ya 28L ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Tangazo lilikuwapo: ukurasa wa 8 kati ya 27 za karatasi za safari. Marubani walipewa, lakini halikubaki kichwani. Wakidhani 28R, njia jirani waliyopaswa kutua, ndiyo 28L, walielekea kwenye njia ya pembeni ya ndege kutembelea ardhini, ambako ndege nne zilizojaa abiria zilisubiri kuruka. Walishuka hadi futi zipatazo 60 kabla ya kupaa tena. Wachunguzi wa Marekani waliukosoa waziwazi mfumo wa notamu.

Sisemi notamu zipunguzwe ovyo. Tarehe 11 Januari 2023 mfumo wa notamu wa Marekani ulipokwama, ndege za nchi nzima zilizuiwa kuruka kwa muda asubuhi ile, na ilikuwa haki. Ila ninyi mnaoziandika leo, waya haupo tena wa kuwabana. Andikeni sentensi kamili, na njia iliyofungwa iwekeni ukurasa wa kwanza.