Njia Kuu na Njia Ndogo: Misafara ya Kasongo na Ndege za Mwili Mpana

Karibu karne moja kabla ya Boeing kuunda ndege ya 747, Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, ilikuwa imekwisha kukutana na swali linaloyasumbua mashirika ya ndege hadi leo: chombo kikubwa kinalishwa na nini? Tulinganishe mapokeo matatu yaliyolijibu.

Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliifanya Kasongo makao yake makuu. Wapagazi walitoka hapo na pembe za ndovu, wakapita Kabambare, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaendelea Ujiji, Tabora hadi pwani. Msafara mkubwa ulijilinda vizuri kuliko mdogo, lakini ulikula sana. Ndiyo maana Kasongo ilizungukwa na mashamba ya mpunga, na vikundi vidogo vilitawanyika kukusanya pembe kabla ya safari kuu. Mpangilio huo ulisimama juu ya bunduki na utumwa, na waliolipa ni watu wa Maniema. Hatuna cha kuusifu. Tunachojifunza ni kwamba njia kuu iliishi kwa njia ndogo.

Mapokeo ya pili ni ya Marekani. Juan Trippe wa shirika la ndege la Pan Am aliitaka Boeing iunde ndege ya kubeba abiria zaidi ya mara mbili ya 707. Tarehe 22 Januari 1970, 747 ilianza kubeba abiria kutoka New York hadi London. Mwili wake mpana ulikuwa na njia mbili kati ya viti, na injini zake zilikuwa na feni kubwa zilizopunguza mafuta kwa kila kiti. Hesabu ilikuwa nzuri, mradi viti vijae. Lakini Pan Am haikuwa na safari za ndani ya Marekani za kuilisha ndege hiyo, hadi ilipolinunua shirika la National mwaka 1980. Pamoja na misukosuko mingine, upungufu huo uliiumiza mpaka ikafa mwaka 1991.

Zaïre, yaani Kongo ya leo, ilifuata mkumbo huo. Mwaka 1973 shirika la Air Zaïre lilipata ndege pana ya DC-10, fahari ya taifa kwenye safari za Ulaya. Mwaka huohuo bei ya mafuta ilipanda ghafla; muda mfupi baadaye bei ya shaba ikaanguka. Wakati ndege ikipaa kwenda Brussels, barabara za Maniema zilikuwa zinamezwa na msitu. Shirika lilifilisika mwaka 1995.

Mapokeo ya tatu ni ya Addis Ababa. Ethiopian Airlines, lililoundwa mwaka 1945 kwa msaada wa shirika la Marekani la TWA, lilipokea Boeing 767 mwaka 1984, na mwaka 2012 likawa la kwanza Afrika kupata 787. Ndege zake ndogo za rafadha huleta abiria kutoka miji ya mikoani hadi uwanja wa Bole, nao huhamia kwenye ndege kubwa za kwenda Asia na Ulaya. Historia ya viwanda nayo inaelekea hukohuko: uundaji wa A380 ya Airbus ulikoma mwaka 2021, 747 ya mwisho ilikabidhiwa Januari 2023, na zilizotawala ni ndege pana za injini mbili, zenye viti vinavyojazika.

Kwa hiyo ni vema kwamba Air Congo, ubia wa serikali ya Kongo na Ethiopian, ilianza mwishoni mwa 2024 kwa Boeing 737 na safari za ndani. Isiishie miji mikubwa. Leo bidhaa za Kabambare hufika Kasongo kwa pikipiki na baiskeli za kusukuma, na Kindu, mji mkuu wa Maniema, iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara mbovu. Viongozi wetu, kabla ya kuagiza tena ndege ya fahari, tengenezeni kiwanja cha Kasongo na barabara ya Kabambare. Abiria wa kuijaza ndege hiyo wako huku.