Kasumba, Kikombe na Kipimo: Historia ya Dawa ya Maumivu

Katika stendi ya Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya, na katika magulio ya vijiji hadi kwetu Uwemba, kuna sauti isiyokosekana: ya muuza dawa mwenye kipaza sauti. Mizizi yake, kwa maelezo yake, huondoa maumivu ya mgongo na viungo, na chupa hiyohiyo humwachisha mlevi pombe na kijana dawa za kulevya. Wanafunzi wangu hunionyesha ahadi kama hizo kwenye simu zao, safari hii zikihusu majani yaliyosagwa kutoka Asia, kisha huniuliza kama ni kweli. Mimi si mfamasia. Hata hivyo, ahadi ya mmea unaoondoa maumivu na kukata uraibu kwa pamoja ni ahadi kongwe, na historia yake inajulikana vizuri.

Tuanze na neno. Leo tukisema kasumba, tunamaanisha fikra potofu zilizoota mizizi: kasumba ya kikoloni, kasumba ya mfumo dume. Wengi wamesahau kwamba kasumba ni jina la kitu halisi, yaani afyuni, utomvu uliokaushwa wa tunda la mpopi. Kwa maelfu ya miaka utomvu huo ulituliza maumivu, ukazuia kuhara na kikohozi. Ilikuwa tiba kabla ya kuwa tusi.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga kutoka kwenye afyuni kiini kinachotuliza maumivu, nacho kikaitwa mofini. Sindano ilipovumbuliwa katikati ya karne hiyo, walikuwepo madaktari walioamini kwamba mofini ya sindano isingemtega mgonjwa kama afyuni ya kumeza. Ilimtega zaidi. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaingiza sokoni heroini kama dawa ya kikohozi, ikiinadi kuwa haina hatari ya uraibu iliyokuwa katika mofini. Mwaka huohuo, huku Nyanda za Juu Kusini, Mtwa Mkwawa alijiua asikamatwe na Wajerumani, na Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho, ambayo baadaye ilipanua kazi yake hadi Uwemba. Utawala uliowaita waganga wetu washirikina ulitoka katika nchi iliyokuwa ikiuza heroini kama dawa ya kifua.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Nataka tuone utaratibu unaojirudia. Mara kwa mara dawa mpya ya maumivu ilitangazwa kuwa haina hatari kubwa ya uraibu kama ile iliyoitangulia, na mara nyingi aliyetangaza ndiye aliyeuza. Karne moja baada ya heroini, mwaka 1996, kampuni ya Purdue Pharma ya Marekani ilianza kuuza vidonge vya OxyContin, ikiwaambia madaktari kuwa hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri kosa mahakamani kwa kuvitangaza kwa udanganyifu, lakini maisha ya wengi yalikuwa yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo anayedhani kwamba hatari iko kwa mganga wa gulio peke yake, na kwamba koti jeupe ni kinga tosha, hajaisoma historia hii.

Hata hivyo, mpopi huohuo una ukurasa mwingine. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na wagonjwa wa saratani na UKIMWI wakaanza kupewa mofini ya maji ya kunywa, dawa ya gharama ndogo, nyumbani kwao. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kwa kuwa madaktari hawakutosha vijijini. Hapa kwetu, Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Methadoni ni jamaa wa mofini aliyetengenezwa maabara, naye pia huleta utegemezi. Kinachomwokoa mgonjwa ni kwamba anakunywa kipimo kinachojulikana, kila siku, mbele ya mhudumu, huku afya yake ikifuatiliwa. Sumu na tiba zimetenganishwa na kipimo, kumbukumbu, na mtu anayewajibika.

Kwa mizani hiyo ndipo tuyapime majani ya kwenye simu. Kratomu ni mti wa Kusini-Mashariki mwa Asia, wa ukoo mmoja na mkahawa na mkwinini. Wafanyakazi wa mashambani huko walitafuna majani yake ili kuhimili uchovu na maumivu, na wengine waliyatumia kuachana na afyuni. Thailand iliupiga marufuku mwaka 1943, kisha mwaka 2021 ikauondoa katika orodha ya dawa za kulevya. Manufaa yake hayakubuniwa hewani: viini vyake hugusa milango ileile ya ubongo inayoguswa na mofini. Kwa sababu hiyohiyo, anayeutumia kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kuwa mraibu. Zimeripotiwa pia athari za ini, degedege, na vifo, hasa unapochanganywa na dawa nyingine. Iboga ya Gabon nayo imewasaidia baadhi ya waraibu kupita siku ngumu za kuacha heroini, lakini kiini chake huvuruga mapigo ya moyo, na wapo waliokufa.

Nani basi huipokea chupa bila kuuliza maswali? Jibu la nchi yetu lilionekana mwaka 2011, mwaka uleule wa kliniki ya Muhimbili. Maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa za kufubaza VVU kwa kuamini wamepona. Kwetu jambo hilo halikuwa la mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2011–2012 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU Njombe yalikuwa asilimia 14.8, wakati wastani wa Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja ulikuwa asilimia 5.1. Walioondoka hapa kwenda Samunge hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa, na kikombe kilikuwa na kitu ambacho zahanati nyingi hazikuwa nacho: mtu aliyewapokea na kuwaambia kuwa maumivu yao yana mwisho.

Tangu 2002 tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, pamoja na Baraza lake la kusajili waganga na dawa. Muhimbili ina taasisi ya utafiti wa tiba asili. Msingi upo. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni kwamba usajili usiishie kwenye cheti cha kutundika ukutani. Chupa inayonadiwa kuondoa maumivu au kukata ulevi itaje mmea uliomo, kipimo chake, na dawa zisizopaswa kuchanganywa nayo, na madhara yakitokea yaripotiwe na kuhesabiwa. Kwa wanaharakati, dai lenu liwe kubwa kuliko kumfukuza muuza dawa stendi. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko takribani kilomita 700 kutoka Uwemba. Mzee mwenye saratani ya mifupa hawezi kuisafiri njia hiyo kila dawa inapokwisha. Mkimwondolea chupa ya gulio bila kumletea mofini ya kunywa katika kituo cha afya cha karibu, mtakuwa mmemwachia maumivu matupu.

Nanyi wanafunzi, mnapoletewa majani mapya, ulizeni maswali ambayo mwaka 1898 hayakupata jibu la kweli: nani amepima, amepima kwa watu gani na kwa muda gani, na anapata nini mkinunua?