Hiyo 92 kwenye laptopu yako imetoka wapi?

Leo naweka mambo ya kuandika programu pembeni, tuzungumzie historia kidogo.

Vijana wa gemu hapa Ainabkoi huniuliza swali moja: laptopu ikionyesha nyuzi 92, ndiyo imekufa? Fundi mmoja (simtaji) alishamwambia kijana prosesa imeungua. Kwenye laptopu nyingi za siku hizi prosesa imelehemewa kwenye ubao, kwa hiyo kuibadilisha ni kununua ubao mzima. Kabla hujauza ndama, soma hapa.

Katikati ya miaka ya 1990 kipimajoto, kama kilikuwepo, kilikaa kwenye ubao chini ya prosesa. Ni kama kumpima mtu homa kwa kugusa kitanda chake! Baadaye Intel ikaweka diodi ndani ya prosesa yenyewe. Pentium III ya 1999 ilikuwa nayo. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ikatoa video maarufu: waling'oa kipoozeo kompyuta ikiwa inafanya kazi. Athlon za AMD ziliungua ndani ya sekunde chache. Pentium 4 ilipunguza mwendo tu, gemu ikaendelea kwa kujikokota. Yaani joto lilikuwa limeshakuwa jambo ambalo prosesa inalisimamia yenyewe.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye utamu. Mwaka 2006 Core Duo ilikuja na kipimajoto cha kidijitali, na kipimajoto hicho hakisemi "nyuzi 92". Kinasema "zimebaki 8 kufika kikomo". Programu ndiyo inayochukua kikomo, tuseme 100, inatoa 8, halafu inakuandikia 92.

Na kikomo chenyewe? Kwa Core 2 za kompyuta za mezani Intel haikuwa imekitangaza. Core Temp ya Arthur Liberman na wenzake wakawa wanakisia. Ukikisia 85 na mimi nikakisia 100, prosesa ile ile yenye 35 zilizobaki kwako ni 50, kwangu ni 65. Watu walibishana mtandaoni kama mashabiki wa Gor na AFC, na wote walikuwa wanasoma kitu kimoja. Intel ilitoa namba hizo mwaka 2008, na kizazi cha prosesa kilichoanza mwaka huo huo kikawa kinaiambia programu kikomo chake. AMD nao wana vituko vyao: Ryzen 7 1800X ya 2017 ilijiongezea nyuzi 20 kwenye namba iliyoripoti ili feni ziwahi kuzunguka.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ndipo inashuka kuja Ainabkoi. Pale maji huchemka kwenye nyuzi kama 91, kwa hiyo prosesa ya 92 ina joto kuliko chai inayotokota! (Bwana Celsius mwenyewe, mwaka 1742, alijua kuwa mchemko hutegemea mgandamizo wa hewa.) Hewa ya juu huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu robo, na feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma hewa pungufu kwa robo hiyo hiyo. Baridi yetu inafidia sehemu ya hasara hiyo.

Kwa hiyo ukifungua HWiNFO, tafuta mstari wa umbali uliobaki kufika kikomo, kisha angalia kama prosesa imeshushwa mwendo. Zikiwa zimebaki 8 na gemu haikwami, mashine inafanya kazi ilivyoundwa. Ikikaa kwenye 0 muda wote, toa vumbi kwenye feni (barabara zetu unazijua), halafu badilisha pesti ya kupitisha joto. Ubao uwe wa mwisho kabisa.